Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kishindo cha Amplifaya Inapozimwa

Meza yangu ya kazi iko Ngamiani, Tanga, na juu yake hupita amplifaya za sherehe, za misikiti, na masabufa ya sebuleni. Wengi wanaozileta hawalalamiki kwamba haziimbi. Wanachosema ni kwamba chombo kinaimba vizuri usiku kucha, kisha kikizimwa kinapiga kishindo cha kutia hofu. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi juu ya jambo hilo, pamoja na majibu ninayoyatoa.

Nimeshazima swichi. Kishindo kinatoka wapi tena?

Amplifaya haizimiki papo hapo. Baada ya transfoma na diodi zimo kapasita kubwa, mara nyingi za maikrofaradi 4,700 hadi 10,000 kila moja, zinazohifadhi umeme ili spika zisitoe mngurumo. Ukibonyeza swichi, unachokata ni umeme wa ukutani peke yake; kapasita bado zimeshiba, nazo huendelea kuilisha amplifaya kwa sekunde kadhaa, na kama muziki ulikuwa chini, hata zaidi ya hapo.

Katika sekunde hizo chombo kinaishi kwa akiba inayopungua. Volti zake, tuseme 40 za upande wa chanya na 40 za upande wa hasi, zinashuka, na ni nadra pande mbili zishuke kwa mwendo mmoja. Sehemu ya mbele, ambayo kazi yake ni kulinganisha sauti inayoingia na ile inayotoka na kurekebisha kila kasoro, inahitaji kiasi fulani cha volti ili ifanye kazi hiyo. Volti zikipungua chini ya kiasi hicho, sehemu ya mbele hulala kabla ya transista za mwisho kuishiwa nguvu, na transista hizo, zikiwa hazina tena wa kuziongoza, huegemea upande mmoja na kumimina kwenye koili ya spika umeme wote uliobaki. Spika husukumwa mara moja, na wewe unasikia "pu!"

Kwa hiyo kishindo ni dalili ya chombo kilichopoteza uongozi kingali na nguvu. Dawa nyingi zilizoelezwa hapa chini zinafanya moja kati ya mambo mawili: ama zinaitenga spika kabla uongozi haujapotea, ama zinahakikisha kwamba hakuna kitu kinachoingia kwenye amplifaya wakati huo.

Nitajuaje kama kosa ni la amplifaya au ni la kifaa kinachoilisha?

Jaribio lake ni rahisi na halihitaji kufungua kifuniko. Chomoa waya wa kuingiza sauti, kisha uweke mahali pake plagi tupu ambayo ncha yake ya kati na ganda lake vimeunganishwa kwa kipande cha waya. Washa amplifaya, subiri dakika moja, izime. Kama imenyamaza, hatia ni ya mikisa, simu, dishi au redio iliyokuwa imeunganishwa. Kama kishindo kimebaki vilevile, kosa ni la amplifaya yenyewe. Kisha rudia ukiwa umepunguza sauti hadi mwisho: mlio usiobadilika kwa kupunguza sauti umezaliwa baada ya kitufe cha sauti, na fundi hana haja ya kutafuta kabla ya hapo.

Naomba jaribio hili lifanyike kabla ya mtu kupanda bajaji na kuniletea chombo kizito, kwa sababu mara nyingi ninazoletewa amplifaya ya sherehe kwa malalamiko haya, amplifaya ni nzima. Mikisa ina kapasita ndogo, kwa hiyo umeme wake huisha mapema, na inapokata roho hutoa mruko wa volti kwenye waya wa kutokea. Mruko wa nusu volti hauonekani kuwa kitu. Lakini amplifaya nyingi za sherehe hukuza mara 40, ambayo ndiyo maana ya desibeli 32 zilizoandikwa nyuma yake, na nusu volti mara 40 ni volti 20. Katika spika ya omu 8 hizo ni wati 50 zinazoshuka kwa pigo moja.

Ni utaratibu gani sahihi wa kuwasha na kuzima?

Amplifaya huwashwa ya mwisho na huzimwa ya kwanza. Unapowasha, anza na vyanzo vya sauti, ufuate mikisa, halafu vifaa vya kugawa sauti kama vipo, na amplifaya imalizie. Unapozima, anza na amplifaya, hesabu hadi thelathini, ndipo uende kwenye mikisa.

Utaratibu huu unafahamika kwa kila fundi mitambo aliyekulia katika vikundi vya taarabu na dansi, na mji uliokuwa na Black Star, Lucky Star na Jamhuri Jazz haukosi wazee wa kuueleza. Hata hivyo hupuuzwa saa ile ya mwisho, watu wakiwa wamechoka. Katika harusi moja ya Makorora nilikuwa nimekaa kando ya vyombo, saa nane za usiku, mwenye shughuli akawa anataka watu wakalale. Kijana wa mikisa aliambiwa azime, naye akainama akachomoa plagi ya mikisa. Niliona kwa macho yangu karatasi za wufa, yaani spika za sauti nzito, za inchi 18 zikiruka mbele kama mtu aliyepigwa kofi mgongoni, kisha zikarudi. "Fundi, si nimeambiwa nizime?" akasema. Asubuhi yake honi moja ilikuwa bubu.

Kosa la pili, ambalo ni la majumbani, ni kuzima kila kitu kwa pamoja kwenye swichi ya soketi ukutani. Mtu hudhani ameepuka tatizo kwa kuwa vyote vimezimwa wakati mmoja. Vimekatiwa umeme wakati mmoja, lakini havifi wakati mmoja: kifaa kidogo hutangulia, na amplifaya iliyo hai bado hukitangaza kifo chake.

Na umeme ukikatika wenyewe, au jenereta ikiisha mafuta?

Hapo utaratibu hauna nafasi, maana vyote vinakatika pamoja. Njia ninayowashauri wenye vyombo vya kukodisha ni kuiwekea mikisa kifaa kidogo cha UPS, chenye betri ndani, kama kile cha kompyuta, na kuiacha amplifaya bila UPS. Umeme ukikatika, mikisa inabaki hai ikitoa ukimya safi, amplifaya inamaliza akiba yake taratibu, na hakuna mruko wowote unaoingia. Mikisa haili umeme mwingi, kwa hiyo UPS ndogo inatosha.

Zaidi ya hayo, mara umeme unapokatika, zima swichi za amplifaya kwa mkono bila kungoja. Umeme ukirudi wakati vyote viko wazi, mikisa na amplifaya huamka pamoja na kishindo cha kuwaka huwa kikubwa kuliko cha kuzima. Jenereta nayo isizimwe wala isiachwe ifike tone la mwisho ikiwa imebeba amplifaya, kwa sababu inapokosa mafuta volti hupanda na kushuka mara kadhaa kabla ya kufa, na amplifaya hupoteza uongozi na kuupata tena kila mara.

Je, kishindo hicho kinaweza kuua spika?

Kimoja kidogo, hapana. Karatasi ya wufa kutikisika milimita moja au mbili wakati wa kuzima hakuna madhara, na wala sipendekezi mtu atumie fedha kuliondoa hilo. Tuwita na honi, yaani spika za sauti nyembamba, ni dhaifu zaidi: koili zake ni nyembamba kama unywele, na ingawa kapasita iliyo mbele ya tuwita huzuia sauti nzito, mwanzo wa kishindo ni mkali na hupenya.

Linalotisha ni kishindo kisichomalizika. Ikiwa baada ya "pu" karatasi ya spika inabaki imesukumwa nje au imevutwa ndani kwa sekunde nzima au zaidi, spika inapokea mkondo mnyoofu, yaani umeme unaosukuma upande mmoja tu kama wa betri. Koili ya spika ya omu 8 ukiipima ina kama omu 6. Volti 40 zikisimama juu yake hutoa joto la wati zaidi ya 260, na koili isiyotikisika haipati hewa ya kujipoza. Harufu ya gundi inayoungua hutangulia moshi. Ukiiona hali hiyo hata mara moja, usiiwashe tena hadi ipimwe.

Sabufa yangu ya sebuleni haikuwa na tabia hii ilipokuwa mpya. Kwa nini imeanza sasa?

Kapasita zimezeeka. Kapasita za aina hii zina majimaji ndani, na kanuni wanayoitumia watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Sabufa iliyobanwa kati ya kabati na ukuta, katika joto la Tanga wakati wa kaskazi, inazeeka haraka kuliko ile iliyopimwa kiwandani.

Mama mmoja wa Chumbageni aliniletea yake imefungwa kwenye kanga. Baada ya shikamoo na marahaba aliniambia, "Mwanangu, hii ikizimwa inamgutusha mjukuu usingizini." Niliifungua mbele yake. Kati ya kapasita mbili za maikrofaradi 3,300, moja ilikuwa sawa na ya pili kichwa chake kimevimba kama andazi. Nilipoipima ilikuwa imebakiwa na chini ya 900. Upande mmoja wa umeme ulikuwa ukiisha mapema mno na ule wa pili ukibaki na nguvu, ndiyo maana IC, yaani kipande kimoja chenye saketi nzima ya amplifaya ndani yake, ikawa inaegemea upande wenye nguvu kila inapozimwa. Nilibadilisha zote mbili, kwa kuwa kuchanganya mpya na kuukuu ni kurudisha tatizo lile lile baada ya muda. Mama aliizima na kuiwasha mara tatu kabla ya kulipa, jambo ambalo naona kila mteja angelifanya.

Muziki unaendelea kidogo baada ya kuzima, kisha unakoroma. Je, ni ubovu?

Si ubovu. Ni akiba ya kapasita inayokwisha, na mkoromo wa mwisho ni amplifaya kukosa volti za kutosha. Mluzi unaoteremka kama wa birika inayoepuliwa ni jambo jingine kidogo: baadhi ya saketi hutetema zenyewe volti zikiwa chini. Ukiwa mfupi na mdogo, uache.

Amplifaya yangu ina rilei ya kulinda spika, na bado inapiga kishindo. Inakuwaje?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu rilei ni dawa bora ya tatizo hili ikiwa imeunganishwa vizuri, na ni pambo ikiwa imeunganishwa vibaya.

Rilei ni swichi inayoendeshwa kwa umeme, nayo hukaa kati ya amplifaya na spika. Unapowasha, husubiri sekunde chache ndipo inapounganisha, na unasikia "ta" ndogo ndani ya chombo. Unapozima, inapaswa kuachia mara moja, kabla kapasita kubwa hazijashuka. Tatizo ni kwamba bodi nyingi za bei nafuu huilisha rilei kwa umeme ule ule wa kapasita kubwa bila kitu cha kuijulisha kwamba swichi imezimwa. Rilei hiyo hubaki imeshika hadi volti zimekwisha, yaani inaachia baada ya kishindo kupita, mithili ya mlinzi anayefunga geti mwizi akiwa ameshaondoka.

Saketi iliyokamilika huchungulia umeme wa transfoma kabla ya diodi kubwa, kupitia diodi yake ndogo na kapasita ndogo. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, kila mmoja ukichukua milisekunde 20. Kapasita hiyo ndogo huishiwa baada ya mizunguko michache tu, na rilei huachia wakati zile kubwa bado zimejaa na amplifaya bado ina uongozi wake. IC ya uPC1237, inayopatikana katika bodi nyingi za ulinzi, ina mguu maalumu wa kazi hiyo, pamoja na mguu wa kugundua mkondo mnyoofu. Nimekuta bodi ambazo waya wa mguu huo umeachwa unaning'inia, au umeunganishwa kwenye umeme uliokwisha kunyooshwa ili "ifanye kazi". Kuupeleka kwenye transfoma ni kazi ya dakika kumi.

Sababu ya pili ni ya pwani. Hewa yenye chumvi na unyevu hufanya vigusano vya rilei viwe vyeusi, na vigusano vyeusi huleta sauti inayokatika na mikwaruzo wakati wa kuachia. Kama rilei inafunguka, vuta katikati ya vigusano kipande cha karatasi ngumu kilichotiwa spiriti, mara kadhaa, hadi kitoke safi. Msasa usitumike, kwani huondoa ule utando wa madini bora na baada ya miezi michache hali inakuwa mbaya zaidi. Ikiwa vimechimbika, badilisha rilei.

Bodi yangu haina rilei, ina IC moja tu. Naweza kufanya nini?

Inategemea IC. LM3886 ina ulinzi wa ndani unaonyamazisha sauti volti zikiwa chini, kwa hiyo ikipiga kishindo, anza kushuku kinachoingia ndani yake. TDA7294 ina miguu miwili ya kuongoza, wa 9 wa kusinzia na wa 10 wa kunyamaza, na utaratibu wake wa kuzima ni kunyamaza kwanza, kusinzia baadaye, ndipo umeme ukatwe. Waunganishaji wengi huifunga miguu hiyo miwili moja kwa moja kwenye umeme wa chanya ili waokoe rezista mbili na kapasita mbili, halafu wanailaumu IC. Bodi ndogo za TPA3116 zinazotumia adapta ya kompyuta mpakato nazo zina mguu wa kuzima, na mtengenezaji anaelekeza utumike kabla ya kukata umeme. Swichi ndogo iliyowekwa kwenye mguu huo, ikaguswa kabla ya kuchomoa adapta, hutuliza kabisa.

TDA2030 na wenzake wa zamani hawana mguu wa namna hiyo. Kwao rilei ya nje ndiyo njia.

Mlio wangu si mzito. Ni mkavu, "ta!", na unatokea hata friji inapojizima.

Hiyo ni cheche. Transfoma au mota inapokatiwa umeme hukataa kusimama ghafla, na ukaidi wake hutoka kama cheche kati ya vigusano vya swichi. Cheche hiyo husafiri kwenye nyaya kama wimbi la redio na kuingia kwenye amplifaya. Alama yake ni kwamba hutokea papo hapo, bila kuchelewa hata kidogo, tofauti na "pu" inayokuja baada ya nusu sekunde au zaidi.

Tiba ya kawaida ni kapasita ya maikrofaradi 0.1 iliyoungwa mfululizo na rezista ya omu 100, zikawekwa sambamba na waya wa transfoma wa upande wa umeme mkubwa, baada ya swichi. Kapasita hiyo lazima iwe imeandikwa X2 na volti 275 za mkondo geu, yaani umeme wa ukutani (AC). Ya kawaida yenye volti 400 itafanya kazi leo na siku moja itapasuka au kuwasha moto. Kwa friji, anza na kuihamishia soketi nyingine na kuangalia kama soketi ya amplifaya ina waya wa ardhi uliofika ardhini kweli, maana katika nyumba zetu za zamani si mara zote unafika.

Kwa nini nisiongeze rezista ili kapasita ziishe haraka?

Zinasaidia kwa usalama kuliko kwa kishindo. Rezista ya omu 2,200 sambamba na kapasita ya maikrofaradi 10,000 huchukua takribani dakika mbili kuimaliza, na kwa volti 50 hula zaidi kidogo ya wati moja muda wote, kwa hiyo iwe ya wati 3 au 5. Dakika mbili ni nyingi kwa kishindo, lakini ni faida kubwa kwa atakayeingiza mkono ndani baadaye. Ukitaka kuzimaliza wewe mwenyewe, tumia rezista ya omu 100 ya wati 10 yenye waya uliofunikwa, wala usitumie bisibisi. Bisibisi hulipua, huyeyusha ncha na huharibu kapasita.

Nipime nini kabla ya kumwita fundi?

Ondoa spika. Weka mita kwenye volti za mkondo mnyoofu, washa amplifaya bila sauti yoyote, na pima kwenye vituo vya spika baada ya dakika tano. Chini ya milivolti 50 ni nzuri. Ikifika milivolti 100 na zaidi, kuna kitu kinachoanza kuchoka. Ikiwa volti nzima au zaidi, spika isirudishwe hapo. Halafu zima ukiwa unaitazama mita: kipimo kikiruka kidogo na kurudi sifuri, chombo chako ni cha kawaida, kikipanda hadi volti kadhaa na kukaa huko, umeshapata jibu, nalo uniandikie kwenye karatasi.

Amplifaya ya msikiti nayo ihofiwe?

Si sana. Nyingi za aina hiyo, zile za laini ya volti 100, zina transfoma ya kutolea, na mkondo mnyoofu haupiti kwenye transfoma. Kinachofika kwenye honi ni pigo fupi tu. Kinachowasumbua majirani alfajiri mara nyingi ni maiki inayozimwa kwa swichi yake ilhali sauti iko juu. Muadhini ashushe sauti kwanza, ndipo azime maiki, na amplifaya ifuate.

Nikileta chombo, nije na nini?

Njoo na mikisa au kifaa unachokitumia, nyaya zake zote, na spika ile uliyosikia ikipiga kishindo. Amplifaya ikija peke yake, naweza kuizima mara ishirini mezani ikanyamaza kimya, ukarudi nayo nyumbani, na usiku ule ule ikapiga.